Wapenzi wa ndondi, ni jambo gani katika mchezo huu lililowavunja moyo kuliko yote?

MWANZISHA UZI, BURUBURU

Jumapili ya tarehe 3 Mei 2015, marehemu baba yangu alikosa ibada kwa mara ya kwanza tangu nipate akili. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kijivu na Biblia ya kufungwa kwa zipu, lakini asubuhi hiyo alimtuma mama ampelekee mchungaji salamu kwamba goti linamsumbua, kisha goti hilo hilo likampeleka mbio hadi kwenye kibanda cha video katika mtaa wa Jericho hapa Nairobi, nami nyuma yake nimebeba thamosi ya chai. Tulilipa shilingi mia moja kila mmoja, tukabanana kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali, tukaanza kuwangoja Floyd Mayweather na Manny Pacquiao. Kule Las Vegas ulikuwa bado usiku wa Jumamosi. Kwetu jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, likipenya kwenye matundu ya mabati na kutia vidoadoa vya mwanga juu ya skrini, hata ikabidi kijana mmoja asimame juu ya kreti ya soda na kuziba tundu kubwa kwa kofia yake.

Mnakumbuka kilichofuata. Kwa raundi kumi na mbili Mayweather aligusa, akarudi nyuma, akakumbatia, akatabasamu. Pacquiao akawa anamwandama kama mtu anayefukuza kuku wa jirani katika uwanja unaopanuka kila anapomkaribia. Majaji wote watatu walimpa Mayweather ushindi, mmoja kwa 118-110 na wawili kwa 116-112, na sikuona hila yoyote katika hesabu hiyo. Baadaye, wakati watazamaji wa Marekani walikuwa wamekwisha kununua pambano hilo zaidi ya mara milioni 4, kwa bei iliyokaribia dola 100, ndipo tulipoambiwa kwamba Pacquiao aliingia ulingoni na bega la kulia lililoumia.

Baba alifunga kifuniko cha thamosi polepole, chai ikiwa imebaki nusu, akasema maneno machache tu: "Hawa walipaswa kupigana wakiwa bado na njaa." Alikuwa na haki. Mazungumzo ya kwanza yalivunjika mwishoni mwa mwaka wa 2009 na kuingia 2010, yakiwa yamekwama kwenye ugomvi wa vipimo vya damu, na katika miaka mitano iliyofuata wenye mikataba walizidi kuvutana huku miguu ya mabondia ikizidi kuzeeka. Tulichouziwa mwaka wa 2015 kilikuwa kivuli cha pambano.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Kushindwa si kitu kigeni kwa mpenzi wa ndondi, maana katika kila pambano yupo anayerudi kwao ameinamisha kichwa. Hata Mike Tyson alipoangushwa na Buster Douglas mjini Tokyo mnamo Februari 1990, na mjomba wangu akakataa chakula cha mchana kwa uchungu, hakuna aliyedhulumiwa: mtu alirusha ngumi, ikatua, mwenzake akaanguka. Kinachoniuma mimi ni ngumi ambayo haikurushwa kwa sababu watu wasiovaa glovu hawakuelewana, au ngumi iliyotua mbele ya macho ya dunia nzima na mtu aliyeketi kando ya ulingo na kalamu mkononi akakataa kuiona.

Basi nawaomba, hasa wazee wetu mliowaona Hit Squad, timu yetu ya taifa ya ndondi, kwa macho yenu: kila mmoja aeleze lile lililomvunja moyo, na atuambie nani alilisababisha. Tuandike kwa utulivu. Atakayekuja kusema kwamba Mayweather hakuwa bondia, ajue kwamba nitamjibu.


MHASIBU, DONHOLM

Kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na kadi za majaji.

Tarehe 13 Machi 1999, New York, Lennox Lewis alikutana na Evander Holyfield ili uzani wa juu upate bingwa mmoja tu. Lewis alimdunga kwa mkono wa kushoto usiku kucha. Jaji wa kwanza akampa Lewis 116-113, wa pili akaandika 115-115, wa tatu akampa Holyfield 115-113, na ikawa sare. Huyo wa tatu alimpa Holyfield hata raundi ya tano, ile ambayo Holyfield alibanwa kwenye kamba na kupigwa mpaka tukadhani mwamuzi angeingilia kati. Vocha ya namna hiyo ingeletwa mezani kwangu ningeirudisha bila hata kuvua miwani. Mwaka wa 2017 nikaiona nyingine: Canelo Álvarez na Gennady Golovkin walipigana pambano la kukaribiana sana, na jaji mmoja akampa Canelo 118-110, kana kwamba Golovkin alikuwa amepitia hapo kuuliza njia. Nayo ikaishia sare.

Hata hivyo, tuwe wakweli. Mwaka wa 1991 Azumah Nelson wa Ghana, kipenzi chetu sote, alipewa sare dhidi ya Jeff Fenech wa Australia katika pambano ambalo wengi waliona Fenech ameshinda. Azumah alimfuata mwaka uliofuata hadi Melbourne akamsimamisha katika raundi ya nane, tukashangilia na kusahau. Baraza la Ndondi la Dunia, WBC, halikusahau. Mwaka wa 2022, miaka thelathini na moja baadaye, lilimtambua Fenech kuwa ndiye mshindi wa pambano lile la kwanza. Kalamu ikipotoka upande wetu huwa hatufungui uzi.


MZEE WA MUTHURWA

Vijana wangu, nimesoma kwa makini, na mhasibu amenifurahisha kwa kukiri lile la Azumah. Sasa niruhusuni nirudi nyuma zaidi, kwa kuwa nyinyi mnaanzia kwenye televisheni nami naanzia kwenye redio.

Nilizaliwa katika nyumba za reli za Muthurwa, ambapo baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa. Mwaka wa 1968 nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na redio yenye betri ya kuaminika katika safu yetu yote ilikuwa moja, ya karani mmoja aliyependa sana kuonekana akiizungusha kifundo. Kupitia redio hiyo tulipata habari za bondia wetu Philip Waruinge katika Olimpiki ya Mexico. Waruinge alitoka Nakuru, mji uliokuwa na ukumbi wake wa ndondi ambao wenyeji waliuita Madison Square Garden bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa wa uzani wa unyoya, mwepesi wa miguu, na wenye kumjua walisema kwamba kumpiga ni sawa na kujaribu kukamata moshi kwa ngumi.

Katika nusu fainali alikutana na Antonio Roldán, Mmeksiko, mbele ya Wameksiko, na majaji watatu kwa wawili wakampa mwenyeji. Waruinge akabaki na shaba. Sikilizeni sasa jambo la ajabu. Michezo ilipokwisha, ile tuzo ya Val Barker anayopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki haikwenda kwa yeyote aliyevaa dhahabu, ilikwenda kwa Waruinge. Kwa maneno mengine, walimwambia kwamba yeye ndiye bora kuliko wote, isipokuwa siku ile waliyomnyima. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka baba akicheka kicheko kibaya, kile cha mtu aliyekatwa mshahara kisha akasifiwa kwa bidii ya kazi.

Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali, akapoteza kwa Boris Kuznetsov wa Usovieti, tena kwa majaji watatu kwa wawili. Mwaka huo Samuel Mbugua na Dick Murunga walileta shaba, kwa hiyo Kenya ilirudi na medali tatu za ndondi katika Olimpiki moja. Waruinge alikwenda Japani kupigana ngumi za kulipwa, na huko wakamtangaza kwa jina la Waruinge Nakayama. Hata jina likahama.

Lakini hayo yote bado ni makosa ya kalamu, na mwanzisha uzi ameuliza pia kuhusu ngumi zisizorushwa. Ngumi hizo ninazijua. Mwaka wa 1974 Stephen Muchoki, mtu mdogo wa kimo aliyekuwa na kasi ya cherehani, alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Mwaka wa 1978 akaishinda tena mjini Edmonton, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade. Sasa tazameni katikati ya miaka hiyo. Olimpiki ya Montreal ya 1976 Kenya haikupigana, kwa kuwa nchi za Afrika ziliondoka kupinga ziara ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini. Mimi sikulaumu uamuzi huo wakati ule na siulaumu leo. Palikuwa na watu waliokuwa wakifa Soweto mwaka ule ule. Hata hivyo mwili wa bondia hauna habari za siasa, na ngumi ya umri wa miaka ishirini haiwekwi akiba benki.

Kisha ukaja mwaka wa 1980. Mnajua ni nani aliyetumwa Afrika mwezi wa Februari kutushawishi tusiende kwenye Olimpiki ya Moscow? Ni Muhammad Ali. Rais Carter alimpa ndege na ujumbe, akapita Dar es Salaam, akaja hapa Nairobi, akaendelea Afrika Magharibi. Kule Dar es Salaam waandishi walimuuliza kwa nini Marekani haikutuunga mkono mwaka wa 1976, na ikadhihirika kwamba waliomtuma hawakuwa wamemweleza habari hiyo. Mimi nilikuwa na picha yake ukutani, nimeibandika kwa ugali kwa kuwa gundi ilikuwa ghali. Sikuiondoa, lakini niliigeuzia kabati. Nchi yetu ikasusia, na kizazi kizima cha mabondia wetu kikaona Olimpiki mbili mfululizo zikipita bila mmoja wao kupanda ulingoni. Muchoki aliingia ngumi za kulipwa, na mwaka wa 1982 akapata nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia wa uzani wa fly dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, mjini Copenhagen. Akasimamishwa katika raundi ya kumi na tatu. Hilo silihesabu kuwa dhuluma. Alipigana, akashindwa, akarudi. Ile miaka ya katikati ndiyo inayonikosesha usingizi.


MTANGA ANAYEISHI EASTLEIGH

Shikamoo, Mzee wa Muthurwa. Naomba kuongeza jambo moja kwa heshima zote, nisije nikaonekana nawacheka wenyeji wangu: Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha. Za riadha, lakini za fedha.

Kwa upande wa ngumi sina la kujivunia sana. Mwaka wa 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wa kwetu, alimsimamisha Sam Eggington huko Birmingham katika raundi ya pili, na Tanga hatukulala. Mwaka wa 2022 akarudi Uingereza kupigana na Liam Smith mjini Liverpool, na katika raundi ya nne pambano likakoma, akahesabiwa ameshindwa, na maelezo yake yakawa ya mguu na ya viatu. Nilikuwa nimewaalika watu nyumbani. Nimepika pilau.


MWANZISHA UZI, BURUBURU

Mzee wangu, sikujua habari hiyo ya Ali kufika Nairobi kwa kazi ya namna ile, na nadhani baba aliijua akaamua kutoniambia. Nakuomba usiondoke kabla hujafika Seoul. Sisi tulikuzwa kwa jina la Wangila.


MZEE WA MUTHURWA

Seoul nilikuwa naiacha kwa makusudi, lakini umeniomba vizuri.

Robert Wangila Napunyi alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welter, Oktoba 1988, na hakuna jaji aliyehitajika. Ndiyo sababu dhahabu ile ni tamu hadi leo: haikupita mikononi mwa mtu mwenye kalamu. Hapakuwa na bondia Mkenya aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki kabla yake, na baada yake hayupo. Chris Sande alileta shaba katika uzani wa kati, tukadhani mlango umefunguka.

Katika Olimpiki ile ile, Roy Jones wa Marekani alitua ngumi 86 dhidi ya 32 za Park Si-hun wa Korea Kusini, na Mkorea akapewa dhahabu na majaji watatu kwa wawili. Mmoja wa wale watatu alitoka Uganda, hapa jirani, kwa hiyo tusidhani kwamba ubaya huu huwa unatoka mbali. Kisha wakampa Jones tuzo ya Val Barker! Mnaona? Dawa ile ile waliyompaka Waruinge miaka ishirini kabla. Tofauti ni kwamba mwaka wa 2023 Park alisafiri hadi Pensacola, nyumbani kwa Jones, na kumkabidhi medali ile mkononi. Mtu aliyepewa haki ya mwenzake aliibeba miaka thelathini na mitano kabla hajairudisha. Wale walioigawa hawakusafiri.

Wangila alikwenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Usiku wa tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez, na mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba amesimamishwa mapema, kwamba yuko sawa. Siku mbili baadaye alifariki kutokana na damu iliyovuja kichwani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nimewasikia wengi wakilaumu waamuzi wanaosimamisha mapambano mapema, nami nilikuwa mmoja wao hadi siku ile. Mwamuzi alisimamisha, na bado alikuwa amechelewa.

Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.


BONDIA WA KARIOBANGI

Mzee, nimesoma maandishi yako mara mbili, na kwa kuwa naingia ulingoni kila siku nimelazimika kuweka simu chini kidogo kabla ya kuendelea.

Naomba niwalete katika wakati wetu. Tangu Seoul, Kenya haijapata medali nyingine ya ndondi katika Olimpiki. Tokyo tulipeleka mabondia wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na wote wakatoka mapema. Paris 2024 hatukuwa na hata mmoja. Wanaume wakizungumza kuhusu enzi ya Hit Squad husahau kwamba katika miaka hii ya ukame wanawake ndio waliobeba jina la nchi. Fatuma Zarika, aliyekulia Mathare, alikwenda Flint, Michigan, mwaka wa 2016, akamshinda Alicia Ashley na kuchukua mkanda wa WBC. Akaushikilia hadi mwaka wa 2019 alipoupoteza kwa Yamileth Mercado kule Mexico. Christine Ongare alileta shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 2018. Na kabla ya hao wote kulikuwa na Conjestina Achieng, ambaye wakati nikiwa msichana mdogo ndiye aliyekuwa sababu ya mama yangu kuniruhusu nivae glovu. Alipopigana, kila mwanasiasa alitaka picha naye. Alipougua, picha zikawa za namna nyingine, na kila baada ya miezi kadhaa wakatokea wapiga picha wapya na ahadi mpya. Hilo ndilo lililonivunja moyo kuliko uamuzi wowote wa majaji.

La kwangu binafsi ni dogo. Miaka michache iliyopita nilipewa pambano la raundi nane, langu la kwanza la raundi nyingi kiasi hicho, dhidi ya mpinzani wa kutoka nje ya nchi. Nilifanya mazoezi wiki tisa. Asubuhi ya kupimwa uzani mizani ilionyesha kwamba nimezidi kwa gramu 400, nikapewa saa moja. Nilivaa sweta mbili na koti la mvua juu yake, nikaruka kamba kwenye ngazi za nyuma za hoteli ambako harufu ya vitunguu vya jikoni ilikuwa inapanda, na kila nilipopumzika nilitema mate ndani ya kikombe cha karatasi, kwa kuwa mate nayo ni uzani. Sikuwa nimekunywa maji tangu jana yake mchana. Nilipopanda tena mizani, mshale ukasimama pale pale ulipotakiwa, na kocha wangu, mtu asiyejua kutabasamu, akanipa ndizi iliyokwisha menywa.

Mpinzani hakuja. Tuliambiwa kwanza kwamba basi limechelewa mpakani, kisha kwamba ana homa, kisha promota akazima simu. Usiku wa pambano ukumbi ulijaa, mwanamuziki akaimba mara mbili badala ya mara moja, nami nikapandishwa ulingoni nikiwa nimefungwa bendeji mikononi ili niwapungie watu mkono. Fedha niliyolipwa ilikuwa nauli. Kwenye matatu ya kurudi Kariobangi nilizifungua bendeji zile moja moja, safi kabisa, bila tone la jasho, na mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nimetoka hospitali.


KIJANA WA SOUTH B

Dada, pole sana. Nilikuwa nimekuja kuandika mambo ya mzaha na sasa naona aibu kidogo, lakini nitayaandika.

Wazee wetu, wapo wanaosema kwamba maonyesho, yaani mapambano ya kuburudisha tu, ndiyo yaliyoua ndondi, nami nasema kwamba bila maonyesho kumbi zingekuwa tupu. Januari 2023 Karim Mandonga alikuja kutoka Tanzania hadi KICC, ule ukumbi wa mikutano hapa Nairobi, na ngumi yake aliyoipa jina la Sugunyo, akamsimamisha Daniel Wanyonyi, na kwa wiki nzima watu ambao hawajawahi kutazama hata raundi moja walikuwa wakijadili ndondi kwenye matatu. Je, ni ufundi wa Waruinge? Hapana. Lakini tikiti ziliuzwa, na mabondia wa mapambano ya utangulizi walipata watu wa kuwatazama.

Kilichonivunja moyo mimi ni Francis Ngannou. Oktoba 2023, Riyadh, mtu kutoka Kamerun ambaye hakuwa amewahi kupigana pambano hata moja la ngumi za kulipwa alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu. Tulikuwa watu kumi na wawili katika sebule ya watu watano. Raundi kumi zikaisha, majaji wawili wakampa Fury na mmoja akampa Ngannou. Mwezi wa Machi uliofuata Anthony Joshua akamwangusha Ngannou katika raundi ya pili akabaki amelala, na watu wakasema kwamba sasa ukweli umejulikana. Ukweli gani? Usiku wa Riyadh ulikuwa usiku wake, na haukurudi.

Kuhusu Mike Tyson na Jake Paul, yule nyota wa YouTube aliyegeuka bondia, Novemba 2024, nakiri kwamba niliamka Jumamosi alfajiri na kununua bando kwa ajili hiyo. Picha ilikuwa inakwama kila dakika. Tyson, mzee wa miaka 58, alirusha ngumi 97 katika raundi nane, zikatua 18, na muda mwingi alikuwa anauma glovu yake. Nilikuwa naomba picha ikwame zaidi.


MHASIBU, DONHOLM

Kijana, bila ubishi: mapambano ya Mandonga yaliuza tikiti. Swali langu ni la kihasibu. Fedha hizo za tikiti zilikwenda wapi, ikiwa bondia wa Kariobangi anapanda matatu na nauli tu? Mnasema ukumbi ulijaa usiku ule pia.


KIJANA WA SOUTH B

Hapo sina jibu, mzee.


MWANZISHA UZI, BURUBURU

Nimeisoma habari ya bendeji safi nikakumbuka chai ya baba iliyobaki nusu.

Dada wa Kariobangi, naomba nikuulize jambo ambalo labda wengine wanaona haya kuuliza. Ndondi ilikaribia kutolewa kabisa katika Olimpiki. Shirika la zamani la kimataifa lilisimamishwa mwaka wa 2019, na uchunguzi uliofuata ukaeleza jinsi mapambano ya Rio 2016 yalivyopangwa, na mwaka wa 2023 likafutiwa utambuzi. Sasa kuna shirika jipya, na tangu Machi 2025 tumehakikishiwa kwamba ndondi itakuwamo Los Angeles 2028. Wewe, unayejua kwamba kalamu inaweza kupotoka na promota anaweza kuzima simu, bado unaamka?


BONDIA WA KARIOBANGI

Ndugu yangu, mimi siwezi tena kurudi ridhaa kirahisi, lakini nina wasichana saba ninaowafundisha, na mmoja wao ana mkono wa kushoto ambao sitauelezea hapa wapinzani wasije wakajiandaa. Naamka saa kumi na moja. Hao saba wana jozi tatu za glovu, wanapokezana, kwa hiyo anayefuata huziingiza mikono zikiwa bado na joto na jasho la mwenzake.


MZEE WA MUTHURWA

Binti yangu, mnafanyia mazoezi wapi, na siku zipi? Magoti yangu si ya uongo kama ya yule mzee wa kanisa, Mungu amrehemu, lakini kutoka hapa hadi Kariobangi ni gari moja. Nina glovu za mwanangu alizoziacha alipohamia Eldoret, nusu jozi imepasuka kwenye mshono, nadhani fundi wa viatu wa hapa Muthurwa anaweza kuishona. Huo mkono wa kushoto nitautazama nikiwa nimekaa kimya.


BONDIA WA KARIOBANGI

Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu asubuhi, na Jumamosi saa tatu. Njoo Jumamosi, baba, kuna jua. Ukishuka kituoni uliza wanapopiga magunia, utaonyeshwa. Na ukiweza, mwambie fundi atumie uzi wa nailoni. Ule wa kawaida hukatika wiki ya kwanza.